Kuku uani, mayai sokoni: Watoto wa nyumba yenye kuku wanakula nini?

Saa kumi na mbili asubuhi, maji ya chai hayajachemka, binti wa miaka 11 anapiga magoti mbele ya banda na kuingiza mkono hadi begani. Anautoa taratibu akiwa ameshika yai, bado la moto. Kuku mwenye madoa aliyelitaga anapiga kelele uani kama mtu aliyedhulumiwa. Binti analifuta vumbi kwa kiganja, analipeleka ndani na kulizika kwenye kopo la plastiki lenye pumba za mpunga. Humo yamo mengine manane. Jioni mwenye genge atapita kuyachukua.

Dakika ishirini baadaye binti huyo anakunywa chai ya rangi na andazi moja, anabeba begi na kwenda shule.

Hii ni nyumba moja ya Kihonda, Morogoro, lakini ingeweza kuwa Mbagala, Uyole, Nakuru au Mvita. Mama ni fundi cherehani, baba anaendesha bodaboda, bibi anaishi nao, na watoto ni watatu: binti huyo, mdogo wake wa miaka saba, na wa mwisho wa miezi kumi ambaye sasa anatambaa kila mahali. Nyuma ya nyumba kuna banda la mabanzi, kuku watano wanaotaga, jogoo mmoja na vifaranga ambao idadi yao hubadilika kila wiki kulingana na njaa ya mwewe.

Mzazi mwenye kuku anaweza kujiuliza swali dogo: mara ya mwisho mtoto wake kula yai, bila kuwa ameugua na bila mgeni kufika, ilikuwa lini?

Hesabu ya kopo

Ni rahisi kumlaumu mama anayeuza mayai huku watoto wake wakila andazi kavu. Ni vizuri kwanza kuangalia kopo lile linafanya kazi gani. Nguo za kushona zikipungua, ndilo linalonunua sabuni, chumvi, kiberiti na daftari la hesabu. Yai la kienyeji lina bei nzuri kuliko la kisasa, halisubiri mwisho wa mwezi, na kuliuza hakuhitaji kikao. Jogoo ni habari nyingine. Kabla ya kumuuza jogoo baba lazima aulizwe, na mara nyingi atasema anamtunza kwa ajili ya wakwe. Yai ni fedha ya mama, na katika nyumba nyingi ndiyo fedha pekee ambayo hatoi maelezo akiitumia.

Kuna pia mambo ya mila. Bibi wa nyumba hii alikulia mahali ambapo mjamzito alikatazwa mayai kwa kuhofia mtoto angezaliwa bila nywele, na mtoto mdogo aliyezoeshwa yai aliaminika kuwa angekuwa mwizi. Bibi mwenyewe siku hizi hucheka akiyasimulia. Ila mkono wake, ukigawa chakula, bado huwa mzito kumpa mtoto yai zima.

Halafu kuna hesabu ya kuku wenyewe, ambayo wengi hawaipigi. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kama 12 hadi 15, kisha huanza kulalia. Akilalia siku 21 na kulea vifaranga miezi miwili au mitatu, mwaka unaisha akiwa ametaga mizunguko mitatu tu. Chukua kuku watano, kila mmoja mayai 13, mara tatu kwa mwaka: ni mayai 195. Ukiwawekea wote mayai 10 kila mzunguko waatamie, yanabaki 45 kwa mwaka mzima, hata moja kwa wiki halifiki. Ndiyo maana watu husema kuku wa kienyeji hawana faida. Faida ipo, ila imelaliwa.

Mama wa Kihonda alibadilisha jambo moja. Siku hizi ni kuku wawili tu wanaoruhusiwa kulalia, wale walioonyesha kuwa ni walezi wazuri. Wengine watatu wakianza kung'ang'ania kiota hutolewa, kiota hufungwa, na huwekwa siku chache kwenye tenga lililoinuliwa, lisilo na majani, wakiwa na chakula na maji yao. Tamaa ya kulalia huwatoka na baada ya muda hurudi kutaga. Kwa hesabu ileile, hata kama wasingeongeza yai moja, kuku wawili wakilalia mayai 10 mara tatu ni 60, yanabaki 135. Hayo ni zaidi ya mawili kwa wiki, na kuku waliozuiwa kulalia huongeza juu yake.

Bado si yai kwa kila mtoto kila siku. Mwenye kuku watano wa kienyeji asidanganywe na mtu kwamba atalisha familia nzima mayai kila asubuhi. Chotara hutaga mara mbili au tatu zaidi, lakini chotara hawezi kuishi kwa makombo na kumbikumbi. Anataka chakula cha kununua, na chakula hicho ndicho kinachowashinda wengi mwezi wa tatu.

Yai linafanya nini mwilini

Yai moja la kuku lina protini gramu sita hivi, tena ile kamili ambayo mwili wa mtoto hauhitaji kuichanganya na kitu kingine ili ifae. Kiini kina vitamini A, B12 na kolini, kirutubisho kinachohitajika katika ukuaji wa ubongo. Kwa mtoto wa miezi kumi mwenye tumbo dogo, uzito wa chakula ni jambo kubwa. Bakuli la uji mwepesi linamjaza kabla hajapata kitu. Yai dogo lililopondwa linampa mengi kwa vijiko vichache.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 huko Ecuador uliwapa watoto wachanga wa kuanzia miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa miezi sita. Udumavu katika kundi hilo ulipungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Habari hizo zilisambaa sana. Kilichosambaa kidogo ni kwamba utafiti kama huo ulirudiwa Malawi, wilaya ya Mangochi kando ya ziwa, na matokeo kwa urefu wa watoto hayakuwa hivyo. Kwa jumla hawakuwazidi wenzao. Watoto wengi wa huko tayari walikuwa wakila samaki. Yai humsaidia zaidi asiyekuwa na kitu kingine cha namna hiyo kwenye sahani, na mtoto anayepata dagaa kila siku hana upungufu uleule.

Swali kwa mzazi basi si yai pekee. Ni kama leo, katika kila alichokula mtoto, kulikuwa na chochote kilichotoka kwa mnyama au samaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka kiwepo kila siku: nyama, samaki au mayai. Tanzania bado ina kazi hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ikiwa imepungua kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Kenya mwaka huohuo wa 2022 ilikuwa asilimia 18. Udumavu si ugonjwa wa nyumba zisizo na chakula tu. Unaingia pia katika nyumba zenye magunia ya mahindi.

Kuna ujanja mmoja ambao wamama wa mitaani waliugundua bila semina. Yai la kienyeji linauzwa ghali kwa sababu watu wanapenda kiini chake cha njano iliyokolea. Rangi hiyo inatokana na majani na wadudu anaokula kuku. Kwa mwili wa mtoto, tofauti kati yake na yai la kisasa ni ndogo. Kwa hiyo mama anauza ya kienyeji, na kwa sehemu ya fedha hiyo ananunua ya kisasa yanayoliwa nyumbani. Kopo linabaki na faida, na mtoto anapata yai. Mwenye kuona aibu kula yai la dukani huku ana kuku uani, aibu hiyo aimalizie njiani akitoka dukani.

Nyumba ya Kihonda iliweka utaratibu mwingine juu ya huo. Mtoto wa mwisho ana yai lake kila siku, hilo halijadiliwi. Wakubwa wawili wana zamu: Jumatatu na Alhamisi ni za binti, Jumanne na Ijumaa ni za kaka. Kalamu ya risasi iko juu ya kopo, na mwenye zamu huandika herufi ya jina lake kwenye yai. Mwenye genge akifika, yenye herufi hayahesabiwi. Utaratibu huo ulileta ugomvi siku za mwanzo, kwani kijana wa miaka saba aliandika herufi yake kwenye mayai sita kwa mkupuo.

Wiki waliyozika kuku kumi na wanne

Yote hayo hayana maana kama kuku watakufa. Na watakufa, asipochanja.

Kiangazi kilichopita nyumba hii ilikuwa na kuku 17, wakubwa kwa wadogo. Jumapili moja kuku mmoja alionekana amejikunyata, mabawa yameshuka, hataki kula. Bibi alimpa maji ya mwarobaini na pilipili. Jumanne watatu walikuwa wanaharisha kijani, mmoja shingo imepinda anazunguka kama mlevi. Kufikia Jumamosi walikuwa wamebaki watatu. Kuku wa binti, ambaye alipewa na shangazi yake akiwa kifaranga na akamlea hadi akaanza kutaga, alikufa Alhamisi wakati mwenyewe yuko shuleni. Mama alimfukia kabla binti hajarudi, na baadaye alijuta, kwa sababu mtoto alitaka kumwona.

Ugonjwa huo ni mdondo, wengine huuita kideri. Unaletwa na virusi, hauna dawa, na ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote. Pilipili, mwarobaini na vidonge vya antibayotiki vya binadamu haviuzuii. Kinachoueneza zaidi ni watu. Kuku mmoja akianza kuzubaa, mwenye nao huwahi kuwauza waliobaki kabla hawajafa, na mnunuzi wa mtaa wa pili anapeleka ugonjwa kwake ndani ya tenga. Manyoya na matumbo ya aliyechinjwa hutupwa jalalani ambako kuku wa jirani huchakura. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wakimaanisha mambo ya ugeni. Hata kwa kuku mwenyewe ni ushauri mzuri: anayetoka mnadani au kwa ndugu afungwe pembeni wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Chanjo ipo, na ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Iitwayo I-2 ni ya tone la jicho: tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga wa siku moja au jogoo wa kilo tatu, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ilitengenezwa ili ivumilie joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inafaa vijijini, lakini hilo si ruhusa ya kuiweka juani au kuizungusha mjini kutwa nzima mfukoni. Inapewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimsaidii, na mwenye kuchanja leo kwa sababu kuku wa jirani walikufa jana huenda amechelewa, maana kinga huchukua siku saba hadi kumi na nne kujengeka.

Tatizo la mwenye kuku watano ni kwamba chupa moja imetengenezwa kwa kuku wengi na ikifunguliwa haitunzwi. Kununua chupa nzima kwa kuku watano inauma. Dawa yake ni majirani. Baada ya wiki ile, nyumba sita za mtaa huo zilikubaliana. Mmoja anakwenda duka la dawa za mifugo na chombo chenye barafu, wote wanachangia, na mtaalamu wa mifugo wa kata aliwaonyesha mara ya kwanza namna ya kumshika kuku na kumgeuza kichwa ili jicho liangalie juu. Jioni, kuku wakiwa wameingia bandani, watoto hukamata na watu wazima hudondosha. Kuku hafungwi macho wala halazimishwi. Tone likiingia, anapepesa jicho, anaachwa aende. Nyumba sita humalizika kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Tarehe ya kurudia imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Anayeitunza ni binti.

Mdondo si ugonjwa pekee. Ndui, ile ya vipele kwenye kilemba na machoni, huenezwa sana na mbu na ina chanjo yake inayochomwa kwenye bawa. Vifaranga wanaoharisha damu mara nyingi wanadaiwa usafi: maranda yaliyolowa na chombo cha maji kilichojaa kinyesi. Kuku akipewa antibayotiki, mayai yake hayaliwi wala hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ziishe. Hili la mwisho linavunjwa na wengi, na anayelipa ni mtoto wa mtu mwingine.

Anayetambaa

Wazazi wengi hawajawahi kusikia sehemu hii. Kuku wanaomlisha mtoto wanaweza pia kumdumaza.

Mtoto wa miezi kumi huonja dunia kwa mdomo. Watafiti waliowafuatilia watoto wachanga vijijini Zimbabwe waliwaona wakila udongo, na hata kinyesi cha kuku. Vijidudu vinavyoingia hivyo si lazima vimharishe. Vinaweza kukaa vikiuchosha utumbo taratibu, chakula kikawa kinapita bila kufyonzwa vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu vijiji vya Ethiopia ulikuta kuwa watoto wa nyumba zenye kuku kwa jumla walikuwa na urefu bora kwa umri wao, lakini kuwalaza kuku ndani ya nyumba ya watu kulihusishwa na matokeo ya kinyume. Kinachotofautisha ni mahali kuku wanapolala.

Na kuku wengi hulala ndani. Sababu zinajulikana: wezi, kicheche, baridi. Vifaranga hulazwa jikoni chini ya tenga, pale pale ambapo mtoto hukaa asubuhi akisubiri uji. Wakazi wa Kihonda walikuwa hivyo hadi mtoto wa mwisho alipoanza kutambaa. Baba ndiye aliyejenga banda la mabanzi, limeinuliwa futi mbili kutoka chini, na mlango wake una kufuli kubwa kuliko la mlango wa sebule. Mwizi wa kuku anajulikana hadharau kufuli dogo.

Mtoto naye amepata eneo lake: mkeka barazani, nje ya njia ya kuku, na ubao umewekwa mlangoni kwa urefu ambao kuku mvivu hauruki. Kuku wasio wavivu wanauruka. Basi baraza linafagiwa mara mbili kwa siku, na aliyeokota mayai ananawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Vitendo hivi ni vya kuchosha na mama anakiri kuna siku vinashindikana.

Mbolea, mchicha na vita vya uzio

Kila Jumamosi banda linakombolewa. Maranda yenye kinyesi hayamwagwi bustanini moja kwa moja, kwani mbolea mbichi ya kuku ni kali; mama aliijua hivyo alipounguza tuta zima la mchicha kwa siku nne. Sasa inarundikwa pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, inamwagiwa maji, inageuzwa, na inakaa miezi mitatu hivi hadi inakuwa nyeusi na kunukia udongo. Kwa mboga inayogusa ardhi na kuliwa haraka, subira hiyo ni ya afya ya walaji pia.

Bustani yenyewe ni viroba vinane vya unga vilivyojazwa udongo na mbolea hiyo, na tuta moja lenye urefu wa kitanda. Kuna mchicha, matembele, mnavu, nyanya chungu, na mpapai uliojiotea wenyewe. Mchicha huanza kuchumwa ndani ya wiki tatu hadi nne; matembele hayahitaji mbegu, ni kuomba vipande vya shina kwa jirani na kuvichomeka. Maji ya kuoshea mchele yanaishia humo.

Adui wa bustani ni kuku haohao. Kuku anapoona udongo laini hawezi kujizuia, na dakika kumi zinatosha kumaliza kazi ya mwezi. Uzio wa chandarua chakavu ulidumu wiki mbili. Uliofuata, wa fito na nyavu za zamani za kuvulia, unashikilia hadi sasa, isipokuwa kwa kuku mmoja mwenye shingo tupu ambaye familia imeshindwa kujua anapitia wapi.

Jikoni

Mama huchemsha yai la mtoto wa mwisho dakika kumi tangu maji yachemke, kiini kikauke kabisa. Kiini cha majimaji ni kitamu kwa mtu mzima, kwa mtoto kina hatari ya salmonela. Analiponda na viazi au wali laini, anaongeza mchicha uliokatwa mdogo na kupikwa kwa tui la nazi. Alianza kumpa akiwa na miezi sita, kijiko kimoja siku ya kwanza, akiangalia kama ngozi itatoka vipele.

Kwa wakubwa, mayai mawili yanaweza kutosha wanne yakipikwa vizuri. Kitunguu na nyanya vinakaangwa hadi mafuta yajitenge, mnavu uliochemshwa unaingia, kisha mayai yaliyopigwa yanamwagwa juu na kukorogwa taratibu. Kwa ugali, hiyo ni mboga kamili.

Yai likiwa na mashaka, hutumbukizwa kwenye maji. Zuri linalala chini, la siku nyingi linasimama, lililoelea linatupwa mbali na pua za watu. Mayai ya kuhifadhi hayaoshwi, kwani yana utando wa asili unaozuia vijidudu. Yanafutwa tu, na kuoshwa wakati wa kupika.

Jogoo mzee ana masharti yake. Huyo hakaangwi kwa haraka. Anachemshwa na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kwa moto wa chini hadi uma uingie, saa moja na nusu au mbili kulingana na umri wake na ukaidi wake. Supu inatolewa kwanza, mtu wa kwanza kunywa akiwa bibi. Kisha vipande vinabanikwa kidogo juu ya mkaa na kurudishwa kwenye tui zito lenye manjano na pilipili manga. Mkaa mwingi unatumika, ndiyo maana mama hupika kuku na maharage ya kesho siku moja, jiko likiwa bado na moto.

Firigisi, kwa desturi ya nyumba nyingi, ni ya baba. Mwezi uliopita baba aliikata vipande vitatu na kuwapa watoto. Bibi hakusema kitu, ila alitikisa kichwa.

Aliyepewa jina

Kuna swali moja ambalo hakuna mtaalamu wa mifugo anayelijibu. Watoto huwapa kuku majina. Aliyepewa jina anachinjwaje?

Nyumba hii ilipita hapo mwaka huu. Jogoo aliyeitwa Kapteni alianza kumrukia mtoto anayetambaa na kumdonoa karibu na jicho. Baba aliamua achinjwe. Kijana wa miaka saba alikataa kula, akalala njaa, na hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi alimuuliza mama kama Kapteni aliumia. Mama alimweleza namna kisu kilivyonolewa na kwamba ilikuwa haraka. Alimweleza pia kwamba mdogo wake angeweza kupoteza jicho. Kijana alikunywa supu iliyobaki, akasema ilikuwa na chumvi nyingi.

Tangu hapo kuna makubaliano: majogoo hawapewi majina. Matetea wanaruhusiwa, kwa sababu hao wanazeeka nyumbani, au walau ndivyo watoto walivyoambiwa.

Wiki hii mwenye madoa yuko kwenye kiota, analalia mayai kumi. Binti aliyamulika kwa tochi gizani siku ya saba, akaona mishipa myekundu kwenye manane. Mawili yalikuwa angavu kama maji, akayatoa. Siku ya 21 itaangukia Alhamisi, na ameomba aruhusiwe kuchelewa shule. Jibu lilikuwa hapana. Mdogo wake anatoka saa sita mchana na ameahidi kukaa mbele ya banda na kuhesabu hadi dada yake arudi. Malipo anayodai kwa kazi hiyo ni yai la dada yake la siku hiyo, na mazungumzo bado yanaendelea.